Kwa nini kemia haigandi karibu na sifuri halisi?

*"Nafundisha kemia sekondari. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba ukipunguza joto mmenyuko hupungua kasi, na kwa makadirio kila nyuzi 10 zikishuka kasi hubaki nusu. Wiki iliyopita binti mmoja alinyoosha mkono: 'Mwalimu, nimesoma kwamba kuna molekuli zinazogeuka kuwa molekuli nyingine kwenye baridi iliyo sehemu ndogo sana ya digrii moja juu ya sifuri halisi. Kama hazina nishati ya kuvuka kizuizi, zinavukaje?' Nikamjibu kwamba huenda amesoma vibaya, lakini swali lake limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Je, nimekuwa nikifundisha makosa miaka yote? Mlinganyo wa Arrhenius ni wa uongo? Na nikipata naitrojeni ya kimiminika, naweza kuwaonyesha jambo hili darasani?"*

Mwalimu, hukufundisha makosa, na binti yule hakusoma vibaya kuhusu sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa inayowezekana, karibu nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Nakushukuru kwa kuuliza badala ya kuliacha swali lake lipite, kwa sababu ni miongoni mwa maswali mazuri kabisa ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuuliza katika kemia. Ukirudi darasani, anza kwa kumwambia hivyo mbele ya wenzake.

Tuanze na ile kanuni ya nyuzi 10. Ni kweli, ila ina mipaka. Inafaa karibu na joto la chumba, kwa mmenyuko ambao kizuizi chake cha nishati ni kama kilojuli 50 kwa moli. Ukiutia huo kwenye mlinganyo wa kasi ya mmenyuko na halijoto aliouandika Svante Arrhenius mwaka 1889, ukapanda kutoka nyuzi 25 hadi 35, utapata kasi inayokaribia kuongezeka mara mbili. Ukiwa na kizuizi kingine, au ukaanzia kwenye halijoto nyingine, namba inabadilika. Kwa hiyo wanafunzi waichukue kama kipimo cha mkononi, wala wasiivute hadi kwenye baridi kali wakitegemea iendelee kusema kweli.

Mlinganyo wenyewe sio wa uongo hata kidogo. Unaeleza njia moja ya kutoka upande wa malighafi kwenda upande wa zao, nayo ni kupanda mlima na kushuka upande wa pili. Joto ndilo linalozipa molekuli nguvu ya kupanda. Wengi wetu tulifundishwa njia hiyo kana kwamba ndiyo pekee. Ipo ya pili, iko wazi wakati wote hata kwenye joto la chumba, lakini msongamano wa wanaopita juu ya mlima ni mkubwa mno hata hatuwaoni wachache wanaopita kati. Baridi kali inawaondoa wale wa juu, na hapo ndipo wale wachache wanapoonekana.

Hebu tushike mfano mmoja tuutazame kwa karibu, kwa sababu namba zake zinashawishi kuliko maneno yangu. Mwaka 2008 kundi la watafiti lililoongozwa na Peter Schreiner huko Giessen, Ujerumani, lilichapisha kazi kuhusu molekuli ndogo ya haidroksimethileni. Ina kaboni moja, oksijeni moja na haidrojeni mbili, atomu zilezile za formaldehidi, tofauti ikiwa ni kwamba haidrojeni moja imekaa juu ya oksijeni badala ya kukaa juu ya kaboni. Waliitengeneza kwa kupasha mvuke wa asidi ya glioksiliki joto kali kwa muda mfupi sana, kisha wakaunasa mvuke uliotoka ndani ya argoni iliyoganda, gesi isiyomenyuka na kitu, kwenye Kelvini 11 (Kelvini huhesabiwa kuanzia sifuri halisi), yaani nyuzi 262 chini ya sifuri ya Selsiasi. Molekuli zimefungiwa humo, kila moja peke yake, gizani, bila mtu wala mwanga wa kuzisukuma. Wakazichunguza kwa mwanga wa infraredi. Alama za haidroksimethileni zikafifia, za formaldehidi zikakua. Kila saa 2 hivi, nusu ya zilizokuwepo zilikuwa zimeshageuka.

Sasa chukua karatasi ufanye hesabu pamoja na darasa. Kizuizi cha mgeuko huo ni kama kilojuli 125 kwa moli. Gawanya kwa zao la R (namba thabiti ya gesi) na halijoto ya Kelvini 11, utapata takriban 1,370. Kwa mujibu wa Arrhenius, uwezekano wa kila jaribio kufaulu ni *e* kwa kipeo cha hasi 1,370, namba ambayo baada ya nukta ya desimali ina sifuri karibu 600 kabla hujafika kwenye tarakimu ya kwanza yenye thamani. Atomu ndani ya molekuli hujaribu kama mara 10,000,000,000,000 kwa sekunde. Hata ukizidisha kwa umri wote wa ulimwengu, majaribio hayo yanafika namba yenye sifuri kama 30. Kwa njia ya juu ya mlima, basi, hakuna molekuli hata moja ambayo ingepaswa kuwa imegeuka. Hata kwenye joto la chumba hesabu ileile inakupa zaidi ya miaka 10 kwa nusu yake kugeuka. Kwenye baridi ya Kelvini 11, saa 2 zikatosha.

Kilichopita ni haidrojeni, na imepita kati ya mlima.

Hapa mwanafunzi wako atauliza tena "vipi?", na hapa ndipo sisi walimu tunapochora picha inayopotosha, ya mpira unaotoboa tundu kwenye kilima. Hakuna tundu linalotobolewa. Wala atomu haikopi nishati na kuirudisha baadaye, ingawa maelezo hayo yamesambaa sana. Nishati yake ni ileile kabla ya kupita, wakati wa kupita na baada ya kupita. Jambo la kushika ni kwamba atomu ina tabia ya wimbi. Louis de Broglie alilitoa wazo hilo mwaka 1924, na mwaka 1927 Friedrich Hund akaonyesha katika hesabu za molekuli kwamba wimbi likifika kwenye kizuizi halikatiki ghafla kama limegonga ukuta. Linaingia ndani na kufifia hatua kwa hatua. Kizuizi kikiwa chembamba, upande wa pili hufikiwa kabla wimbi halijafifia lote, na masalio hayo ndiyo uwezekano wa kuikuta atomu ng'ambo. Huko ndiko kunakoitwa kupenya.

Kufifia huko hutegemea vitu vitatu: upana wa kizuizi, urefu wake na uzito wa kinachopita. Upana unatawala zaidi, kwa kuwa urefu na uzito huingia kwenye hesabu kwa kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) chao tu. Ndiyo maana elektroni hupenya kwa urahisi, haidrojeni hupenya mara kwa mara, na kaboni hupenya kwa shida ingawa nayo imewahi kushuhudiwa. Watu wa Giessen walijua kwamba dai lao lingetiliwa shaka, wakafanya jaribio linalomaliza ubishi. Waliitoa ile haidrojeni inayohama wakaweka deuteri mahali pake. Deuteri ni haidrojeni kwa kila hali ya kemia, uzito wake tu ndio mara mbili. Molekuli hiyo ikakaa ndani ya argoni bila mabadiliko yanayoonekana. Kama kizuizi kingekuwa kinavukwa kwa juu, kuongeza uzito kusingeleta tofauti kubwa kiasi hicho. Mimi hulipenda jaribio hili kuliko mengine yote katika uwanja huu, maana linauliza swali moja na kupata jibu moja.

Kuna dhana nyingine ya kurekebisha, kwamba kwenye sifuri halisi kila kitu kinasimama tuli. Hakisimami. Kila kifungo cha kemia kinabaki na mtetemo wa chini kabisa usioweza kuondolewa kwa kupoza. Heliamu ni ushahidi: kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa haigandi kuwa yabisi hata ukiikaribisha na sifuri halisi namna gani, kwa kuwa mtetemo huo wa msingi unazizuia atomu zake nyepesi kutulia mahali pamoja. Kwa hiyo mmenyuko unaokwenda kwa kupenya unapopozwa, kasi yake inashuka kwanza kama Arrhenius anavyotaka, kisha inafika mahali inakataa kushuka zaidi. Ukichora grafu, mstari unaoteremka unapinda na kulala. V. I. Goldanskii na wenzake katika Urusi ya Kisovieti walionyesha hivyo mwaka 1973 kwa formaldehidi iliyoganda, ambayo molekuli zake zinaungana kuwa mnyororo mrefu: chini ya takriban Kelvini 10, kasi ya kuungana haikujali tena halijoto.

Wakati mwingine baridi huongeza kasi. Hili linawashtua hata wanakemia waliokomaa. Mwaka 2013 watafiti wa Leeds, Uingereza, walipima mmenyuko wa radikali ya haidroksili (kipande chenye oksijeni moja na haidrojeni moja) na methanoli, wakakuta kwamba kwenye Kelvini 63 unakwenda kwa kasi inayokaribia mara 100 ya ile ya Kelvini 200. Molekuli hizi mbili zikikutana polepole hushikana kwa muda kwa kifungo cha haidrojeni. Penye joto huachana upesi. Penye baridi hukawia, na katika kukawia huko haidrojeni hupata nafasi nyingi za kupenya. Mambo ya namna hii yanasaidia kueleza kemia ya mawingu ya gesi na vumbi kati ya nyota, ambako halijoto ni kama Kelvini 10 na mlima hauvukwi kwa juu. Methanoli yenyewe hutengenezwa huko juu ya punje za vumbi zilizofunikwa barafu, atomu za haidrojeni zikijiunga moja moja na monoksidi ya kaboni, na hatua mbili kati ya hizo zina vizuizi ambavyo haidrojeni huvipita kwa kupenya.

Usimpe binti picha kwamba kupenya ni jambo la haraka kila mara. Mwaka 2023 kundi la Roland Wester huko Innsbruck, Austria, lilichapisha kipimo cha mmenyuko sahili kuliko karibu yote: ioni hasi ya deuteri, yaani atomu ya deuteri yenye elektroni ya ziada, inakutana na molekuli ya haidrojeni na kubadilishana nayo atomu. Walizinasa ioni kwenye mtego wa umeme uliopozwa hadi karibu Kelvini 10, wakaingiza gesi ya haidrojeni, wakasubiri kama robo saa kisha wakahesabu ni ngapi zilizogeuka. Katika migongano bilioni 100 hivi, mmoja tu ndio ulizaa mmenyuko.

Mpaka hapa tumeongelea Kelvini 10, 60, 200. Alichosoma mwanafunzi wako, "sehemu ndogo sana ya digrii moja", ni ulimwengu mwingine tena, na nadhani ndio uliomvutia. Katika maabara ya JILA huko Boulder, Marekani, Deborah Jin, Jun Ye na wenzao walitengeneza gesi ya molekuli za potasi na rubidi zilizounganishwa mbili mbili, kwenye halijoto ya mamia machache ya nanokelvini, yaani chini ya sehemu 1 ya milioni ya digrii moja. Molekuli hazikupozwa zikiwa tayari molekuli. Walizipoza kwanza atomu, kwa leza na kwa kuziruhusu zile zenye nishati kubwa zitoke, kama kinywaji cha moto kinavyopoa mvuke unapoondoka. Kisha wakaziunganisha kwa uga wa sumaku na leza, taratibu, bila kuzirudishia joto.

Kwenye baridi hiyo urefu wa wimbi wa kila molekuli ni karibu nanomita 300, wakati umbali kati ya atomu zake mbili ni sehemu 4 za kumi ya nanomita moja. Wimbi ni kubwa kuliko molekuli kwa mamia ya mara. Kuuliza "iko wapi hasa?" au "imegongwa upande gani?" hakuna maana tena. Na hata hivyo mmenyuko ulitokea: molekuli mbili zinabadilishana wenza, na kutoa molekuli ya potasi mbili na ya rubidi mbili.

Mmenyuko huu, kwa kemia ya kawaida, hauna mlima wa kupanda kabisa, na hilo tayari linajibu sehemu ya swali: penye njia tambarare, baridi haina cha kuzuia. Lakini palikuwa na kizuizi cha aina nyingine. Molekuli hizi ni fermioni, mojawapo ya aina mbili za chembe katika fizikia ya kwantumu, na fermioni mbili zinazofanana kwa kila kitu haziruhusiwi kukutana ana kwa ana. Lazima zije zikizungukana, na mzunguko huo unajenga ukuta mdogo wa kuzitenga. Ukuta huo, ukiugeuza kuwa halijoto, ni kama mikrokelvini 24, yaani sehemu 24 za milioni ya digrii moja. Kwetu ni kama haupo, lakini kwa molekuli za nanokelvini ni mrefu kuliko nishati yao kwa makumi ya mara. Zikaupenya polepole, na gesi ikadumu kwa muda wa kupimika vizuri. Halafu watafiti wakazigeuza baadhi ya molekuli hali ya spini (tabia inayofanana na kuzunguka) ya kiini cha atomu, ili zisifanane tena na wenzao. Kasi ya mmenyuko ikaruka juu, mara 10 hadi 100.

Simama hapo kidogo, mwalimu. Hakuna kifungo kilichobadilishwa, hakuna joto lililoongezwa, hakuna kichocheo. Kilichoguswa ni kiini tu, kitu ambacho darasani tunasema hakishiriki kemia. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2010, na sijaacha kuistaajabia.

Sasa swali lako la mwisho, la kuwaonyesha. Naitrojeni ya kimiminika haitakusaidia kwa hili. Huchemka kwenye Kelvini 77, na kwa kemia hii hilo ni joto kubwa. Utaonyesha kwamba mmenyuko umepungua kasi, jambo wanalolijua. Tena si kitu cha kuchezea: lita 1 ikigeuka gesi hujaza karibu lita 700 na kuifukuza oksijeni chumbani bila harufu wala dalili, na ukiifunga kwenye chombo kisichopumua kinapasuka. Kama bado unaitaka kwa somo jingine, tafadhali usiichukue mwenyewe. Nenda kwenye idara ya chuo au taasisi inayoitumia kila siku, uombe fundi wao mwenye mafunzo aje nayo, asimame nayo yeye mwenyewe, madirisha yakiwa wazi.

Kwa ukweli kabisa, hakuna jaribio la darasani linaloonyesha kemia ya nanokelvini. Linahitaji meza nzima za leza na ombwe kali, na miaka ya kujifunza kuvitumia. Kuna kitu kidogo kinachokaribia wazo lake, nacho hakigharimu chochote. Mpe binti glasi ya kioo laini iliyojaa maji, aishike kwa vidole vilivyoloa kidogo, kisha atazame kutoka juu, kupitia uso wa maji, kwenye ukuta wa ndani wa glasi. Ukuta utang'aa kama fedha, kwa sababu mwanga wote unarudishwa, na vidole havitaonekana. Akibana, mistari ya alama za vidole vyake itajitokeza, mmoja mmoja, ikizidi kunenepa kadiri anavyobana. Mwanga haungoji mguso kamili: pale ambapo hewa kati ya ngozi na kioo ni nyembamba kuliko urefu wa wimbi la mwanga, sehemu yake huvuka pengo ambalo kwa kawaida lisingevukika. Huo ni upenyaji wa wimbi la mwanga, na hesabu yake inafanana sana na ya haidrojeni ndani ya argoni. Mwambie wazi kwamba ni ndugu wa jambo lenyewe, sio jambo lenyewe. Atakuheshimu zaidi kwa hilo.

Kati ya glasi na ile hesabu ya karatasi, mimi ningeanza na hesabu. Glasi inapendeza, lakini ni zile sifuri 600 zinazomfanya mtu akubali kwamba lazima iwepo njia nyingine. Wape kwanza nafasi wagundue kwamba Arrhenius anasema "haiwezekani", ndipo uwaambie kuhusu zile saa 2.

Na kama binti anaendelea kuuliza baada ya hapo, amekwisha kupita mahali ambapo barua yangu inatosha. Anahitaji mtu wa kukaa naye mezani. Mtafutie mhadhiri wa kemia ya kimwili au wa fizikia ya atomu katika chuo kilicho karibu nanyi, umwombe nusu saa tu ya kuonana naye, uende naye wewe mwenyewe. Aibebe ile karatasi ya hesabu kwa mwandiko wake, pamoja na swali lake kama alivyouliza siku ile: kama hazina nishati ya kuvuka, zinavukaje?